Mume Wangu Alipata Msikilizaji, Na Hakuwa Mimi

Walionisimamisha sokoni wiki hii wakitaka kujua kama yule mwanamke wa kwenye simu ya mume wangu alipatikana, jibu langu ni hili: alipatikana, na hakuwa mwanamke.

Kwa anayeanza kusoma leo, nitasema kwa kifupi. Naitwa Angèle, mke wa Fabrice, na kazi yangu ni kusikiliza watu. Ndiyo, ni kazi. Hapa Bunia tuna nyumba ya kusikiliza, maison d'écoute, ambako mama aliyekimbia vita, au aliyefiwa, au aliyepigwa na bwana wake, anakuja, anakaa kwenye kiti cha plastiki, anapewa chai, anaongea. Sisi tunasikiliza. Shirika linalotulipa lina wakubwa wake ng'ambo, na sitalitaja, maana bado napenda kula.

Fabrice na mdogo wake Michel walikuwa wachimbaji wa dhahabu upande wa Mongbwalu. Shimo likaporomoka. Fabrice akatoka, Michel akabaki chini, na PDG, ndivyo wachimbaji wanavyomwita mwenye shimo, akaamua kwamba kuutafuta mwili ni hatari kwa walio hai. Mume wangu akarudi nyumbani. Tangu siku hiyo hakusema neno juu ya mambo yale. Alikuwa anakaa nyuma ya nyumba na kuutazama ukuta wa jirani.

Halafu akaanza kuitabasamia simu.

Pale ndipo tulipoachana nanyi, wasomaji. Nimesimama mlangoni kwa jiko, yeye amenipa mgongo, vidole vinakimbia juu ya kioo, na anacheka peke yake.

"Lete simu," nikamwambia.

"Ya nini?"

"Lete, Fabrice. Nijue jina yake."

Hakubisha, na hicho ndicho kilichonitisha. Mwanaume mwenye mambo ya nje hubisha kwanza, halafu hukasirika, halafu ndiyo anafuta. Huyu alininyooshea simu taratibu. Nikasoma jina lililoandikwa juu: Tulizo.

Tulizo nilikuwa namjua kuliko alivyomjua yeye. Ilikuwa mashine ya ofisi yetu, ile inayoongea na watu wenye majonzi kwa njia ya simu.

"Uko unaongea na mashine?"

"Ni Willy aliniambia ku parking ya moto. Anasema inasikiliza." Willy ni mwenzake wa kubeba abiria kwa pikipiki, ambazo hapa tunaziita moto.

"Na miye? Miye niko nani mu hii nyumba?"

Alinitazama bila hasira yoyote. "Weye unachoka, Angèle."

Nikamrudishia simu. Sikusoma hata mstari mmoja. Nilikuwa nimeshaaibika vya kutosha kwa siku hiyo.

Wivu wa mwanamke mwenzako una dawa yake. Unamfuata kwake, unamtukana, mnashikana nywele, majirani wanawatenganisha, unarudi nyumbani umepoa. Mashine utaishika wapi?

Ngoja niwaeleze huyu Tulizo ametoka wapi, maana bila hivyo mtanihukumu bure.

Msaada wa ng'ambo ulipokatika, mkuu wetu wa ofisi, chef Sébastien, alituita wasikilizaji wote kwenye chumba cha mkutano. Akatoa shukrani ndefu. Tukisikia mtu wa shirika anashukuru sana, huwa tunajua. Wenzangu wakapewa cheti cha kazi nzuri na kuambiwa waende salama. Mimi nikabakizwa kwa sababu naweza kompyuta kidogo.

"Mashine itasikiliza batu," Sébastien akaniambia. "Weye utachunga mashine."

Nilitaka ishindwe. Nawaambia wazi, nilikaa mbele ya kompyuta ile nikiomba ishindwe. Haikushindwa.

Mama Honorine alikuwa amekalia viti vyetu tangu aje na wakimbizi, na kila mara alikuwa na neno moja tu: kichwa kinauma. Nilimnywesha chai nyingi. Nilimshika mkono. Kichwa kinauma. Akapewa Tulizo kwenye simu ya binti yake, na asubuhi moja tu akaimwagia yote, tangu usiku walipovamiwa mpaka jina la mtu aliyemfanyia, na mtu mwenyewe ni jirani yake wa zamani.

"Mama, juu ya nini haukuniambia miye?" nikamuuliza alipokuja kuniaga.

Akanishika bega. "Angèle, mwanangu. Weye ni mutu wa wapi?"

Nikageukia birika la chai. Katika mji huu swali hilo limeshatoa roho za watu.

"Unaona," akasema. "Mashine haina kabila. Haina shangazi mu mutaa yangu. Sitaikuta ku maji asubuhi ikiniangalia."

Nilimsindikiza mpaka barabarani na hasira zangu. Lakini aliniambia kwamba sasa analala, na kweli macho yake yalikuwa ya mtu aliyelala.

Kwa hiyo msidhani nimekuja hapa kuitukana mashine. Haichoki, haishangai, haitazami saa ya ukutani. Wanawake walioona haya mbele ya mchungaji na mbele ya daktari na mbele yangu, waliiambia. Niliwaona wakinyooka.

Na Fabrice wangu akanyooka. Alianza kumaliza sahani. Aliiosha moto yake ya kubebea abiria, akarudi parking kwa akina Willy, akawa anapiga mluzi akinyoa ndevu. Mama yake, mama Charlotte, alisimama kanisani kushuhudia kwamba Bwana amemrudishia mtoto. Kanisa zima likaimba. Mimi nikapiga makofi pamoja nao huku moyo wangu umekunja uso. Mke ananyimwa neno moja, simu inapewa gunia zima.

Sasa sikilizeni vizuri, maana balaa lilianzia hapa.

Tulizo huongea na watu peke yake. Lakini ikisikia hatari, inayapaka mazungumzo rangi nyekundu na kuniletea mimi, pamoja na namba ya faili tu, bila jina la mtu. Nikiona hakuna tatizo, nabonyeza kijani, nayo inaendelea kama kawaida. Nikiona kuna tatizo, naingia mwenyewe. Utaratibu mzuri. Ila walioitengeneza walikuwa wanaogopa wafu.

Mtu yeyote aliyeandika kwamba marehemu amemsemesha, nyekundu.

Sasa niambieni, Bunia nzima nani hasemeshwi na marehemu wake? Mjane anaota bwana wake anadai koti, asubuhi analitoa sandukuni kulianika. Baba anamwachia mtoto aliyekufa kipande cha muhogo. Kwenye matanga tunaongea na maiti, tunaigombeza kwa kutuacha, tunaipa salamu za kuwapelekea waliotangulia. Kwa wale wa ng'ambo huo ni ugonjwa. Kwetu ni adabu.

Basi nikifungua kompyuta asubuhi, nyekundu tupu. Niliwaandikia wakubwa kuwaeleza. Wakanijibu kwamba wanathamini sana mchango wangu.

"Zile za wafu, bonyeza kijani," Sébastien akaniambia. "Tusipofanya vile, hatutamaliza hata siku moja."

Nikabonyeza. Mwanzoni nilikuwa nasoma kwanza. Baadaye jicho likishaona neno marehemu, kidole kimeshatangulia. Kijani, kijani, kijani. Nilikuwa naweza kufanya hivyo huku nakunywa chai na kusikiliza radio.

Siku moja akapita mwanaume fulani aliyeandika kwamba mdogo wake anamwita. Nikabonyeza kijani. Sikukumbuka hata namba.

Wiki hiyohiyo baba mkwe wangu, muzee Antoine, akafika kutoka Boga. Alikuja kwa shauri la Michel.

Matanga ya Michel yalikuwa hayajafungwa, kwa sababu mwili haukutoka. Kwa ukoo wa akina Fabrice, mtu aliyekosa mwili huzikwa kwa udongo wa mahali alipofia. Ndugu yake wa tumbo moja anakwenda, anauchukua kwa mkono wake, wanauzika, mjane ananyolewa, watu wanakula, matanga yamekwisha. Kabla ya hapo Clémence, mjane wa Michel, hana ruhusa ya kuvua nguo nyeusi wala kurudi sokoni. Alikuwa amekaa pembeni chini ya dirisha wakati wazee wanamjadili, amejikunja, hasemi.

"Ni weye utaenda, Fabrice," muzee akasema. "Hakuna mwingine."

Mume wangu alikuwa hawezi kusikia jina la Mongbwalu redioni bila kutoka nje.

"Nitaenda, baba," akajibu. "Nilishajitayarisha."

Mama Charlotte alilia kwa furaha. Clémence alitoka kule dirishani akaja kupiga magoti mbele ya shemeji yake. Fabrice akamwinua haraka, akageuza uso. Nikasema moyoni kwamba ni uchungu wa ndugu.

"Hata Tulizo inasema ni muzuri niende kuaga," akaniambia tulipobaki wawili. Nami nikafurahi. Nilifurahi kweli, wasomaji, mjinga mimi.

Safari ilipangwa Jumamosi. Siku zilizobaki nilikuwa na mume wa kuonewa wivu. Alitengeneza mlango wa jiko niliomwomba tangu mwaka jana. Alifua mashati yake yote akayakunja. Moto yake akampa Willy, akisema Willy ana watoto wengi. Redio akampelekea muzee.

Ukutani kwa ofisi yetu kuna picha kubwa iliyochorwa kwa ajili ya mama wasiojua kusoma, ya kuwafundisha dalili za mtu anayetaka kujitoa duniani. Picha ya kwanza ni mwanaume anagawa vitu vyake. Mimi ndiye niliyekuwa nawaeleza picha ile na kijiti mkononi. Nikarudi nyumbani nikausifu mlango.

Alhamisi asubuhi Fabrice aliniambia anakwenda kumwona Willy mara moja. Nikaenda kazini. Nikafungua kompyuta. Nyekundu kama kawaida. Ya kwanza ilikuwa ya mtu na marehemu wake, kidole kikashuka.

Kilichonizuia ni mstari mmoja uliokuwa juu ya kidole.

"Bibi yangu anafanya kazi ya kusikiliza batu. Akirudi mangaribi anasema, usiniambie kitu, masikio yangu imejaa. Basi siwezi kumuongezea na yangu."

Hayo ni maneno yangu. Nayasema kila jioni nikivua viatu. Sikujua kama kuna mtu anayashika.

Nikasimama. Nikapandisha mazungumzo juu, kurudi nyuma, nyuma zaidi, mpaka nikaikuta kijani. Chini yake mashine ilikuwa imeandika aliyeibonyeza: Angèle.

Na juu ya jina langu, haya: "Mudogo wangu ananiita. Anasema kule chini kuna baridi, na amenichungia nafasi."

Mashine ilikuwa imeogopa. Ilikuja kuniuliza. Nikaiambia ni sawa, nayo ikanitii.

"Inaonekana unamkumbuka sana ndugu yako," ilimwandikia, kwa kile Kiswahili chake cha mimbarani. "Wengi waliofiwa hupata faraja wanapotembelea mahali walipotengana na mpendwa wao. Je, umewahi kufikiria kwenda kumuaga?"

"Nimefikiri. Nitaenda kukaa naye."

"Hiyo inaweza kuwa hatua kubwa katika uponyaji wako. Ungependa tuandae pamoja maneno utakayomwambia?"

Wakayaandaa. Yalikuwa maneno mazuri. Niliyasoma mpaka mwisho, nikachukua simu.

Nilimpigia. Simu iliita mpaka ikachoka. Nikapiga tena. Nikampigia mama yake.

"Fabrice?" mama Charlotte akasema. "Amekuja kuniaga asubuhi. Anasema Jumamosi ni mbali, amepata mutu wa moto anaenda leo. Hakukuambia?"

Nikaufungua mlango wa Sébastien bila kugonga.

"Chef, ile cas ya nyekundu ni bwana yangu."

"Cas gani?"

Nikamvuta mkono mpaka kwenye kompyuta. Alisoma akiwa ameinama. Alipofika kwenye kijani na jina langu, alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Sheria inasema ndugu asishughulikie ndugu," akasema. "Tumupatie Ornella."

"Ornella ulimurudisha kwake."

"Paul, basi."

"Paul pia. Ulimupatia cheti."

"Tuwaite wa ng'ambo."

"Wale wanasikia Kiswahili?"

Alitazama viti vya wasikilizaji vilivyopangwa ukutani, kimoja juu ya kingine. Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma, lakini sikuwa na muda nayo.

"Ingia weye," akasema mwishoni. "Lakini usinyamaze. Ukinyamaza, mashine itafikiri umetoka, itajijibia yenyewe."

Kuna jambo jingine ambalo hakulisema na wote wawili tulilijua. Msikilizaji akiingia, mashine inaandika mstari wa kumwambia mtu: sasa unaongea na binadamu. Ni haki yake kujua. Mstari ule unaweza kufutwa kabla haujaondoka. Nilimtazama Sébastien. Yeye akageuka kutazama nje dirishani.

Nikaufuta. Namjua mume wangu. Angeambiwa kuna mtu, angezima simu hapohapo.

Ndivyo nilivyokuwa mashine mkononi mwa mume wangu mwenyewe.

"Habari yako, rafiki," nikaandika. "Uko wapi kwa sasa?"

Jibu likaja mara moja. Yeye ambaye hajibu simu zangu.

"Niko Iga-Barrière, ku njia ya Mongbwalu. Mwenye moto anatengeneza munyororo ya moto. Tukitoka hapa réseau ya simu itapotea."

"Unakwenda kuchukua udongo wa ndugu yako?"

"Udongo, mwenye moto ndiye ataurudisha kwa baba. Nimeshapatana naye."

"Na wewe?"

"Miye nitabakia na Michel."

Mkono wa kushoto ulichukua simu yangu, ukampigia. Sikuutuma. Kwenye kioo cha kompyuta nikaona maneno yake yanaingia.

"Bibi yangu iko anapiga."

"Mjibu," nikaandika.

"Apana. Nikisikia sauti yake nitarudi."

"Basi rudi."

Sébastien akasogea nyuma ya kiti changu.

"Leo uko mukali," Fabrice akaandika. "Haujawahi kunituma kitu. Unaulizaka tu."

Nikajivuta. Nikaandika kama inavyoandika yenyewe, pole pole, kwa adabu: "Samahani. Nakusikiliza. Ni nini kinachokuzuia kurudi?"

Swali hilo nimewauliza wanawake wengi wa mji huu. Nimewauliza na kikombe mkononi, na nikawasubiri mpaka jua likageuka. Yeye sikuwahi kumwuliza.

"Kuna kitu sijaambia mutu," akaandika. "Hata weye. Nilitaka niende nayo."

"Niambie."

"Apia kwanza. Kuna mutu anasoma?"

Nilihisi mkono wa Sébastien kwenye mgongo wa kiti. "Muambie hakuna," akanong'ona. "Aongee. Mutu akiongea hajaenda bado."

Ni sisi tuliofundisha hivyo. Nikaandika: "Hakuna mtu. Mimi ni mashine."

Maneno yakaanza kuingia vipande vipande.

"Shimo haikumuua Michel."

"Mawe ilishika muguu tu. Alikuwa muzima. Alikuwa ananiita na jina yangu ya utoto."

"Kamba ilikuwa moja. Wa juu walisema watavuta mara moja, udongo iko inashuka. Kamba ilikuwa mukononi yangu. Yeye alikuwa karibu kabisa na miye. Aliniangalia."

"Nikajifunga miye."

"Nilipofika juu bado alikuwa anaita. PDG akasema hakuna sauti, ni udongo inajipanga. Akatuangalia mmoja mmoja. Siye wote tukasema hakuna sauti."

"Sasa Clémence anapiga magoti mbele yangu. Unaelewa? Mbele yangu."

Mkono wa Sébastien ulitoka kwenye kiti changu.

Nilitafuta neno. Nilikuwa na mafunzo, nilikuwa na vyeti, nilikuwa nimelala kitanda kimoja na mwanaume huyu nikisikia anavyosaga meno usingizini. Nilitaka kumwambia kwamba nampenda. Nilitaka pia kumwuliza, ulimwacha vipi Fabrice, ulimwacha vipi mtoto wa mama yako anakuita. Maneno hayo mawili yalikutana kooni na hakuna lililotaka kumpisha mwenzake. Vidole vikabaki juu ya herufi.

"Angèle," Sébastien akasema. "Usinyamaze."

Nikanyamaza.

Na mashine, ikiona kimya, ikajijibia.

"Asante kwa kuniamini na jambo zito namna hii. Ulikuwa katika hatari ya kufa, na uliamua kwa muda mfupi sana kile ambacho binadamu wengi wangeamua. Uchungu ulio nao unaonyesha jinsi ulivyompenda ndugu yako. Hustahili kuubeba peke yako. Kuna mtu mmoja unayemwamini ambaye ungeweza kumweleza haya uso kwa uso?"

Niliyasoma nikiwa na machozi ya hasira. Ndiyo maneno niliyotakiwa kuyasema mimi. Yalikuwa kamili, yalikuwa ya upole, hayakuwa na lile swali langu la ulimwacha vipi ndani yake.

Fabrice hakujibu haraka. Nilidhani yamemwingia. Nilidhani amekaa kando ya barabara pale Iga-Barrière, analia, na kwamba mtu anayelia hapandi moto kwenda kufa.

Halafu akaandika.

"Hii sasa ndiyo Tulizo ninayoijua."

Na baada yake:

"Basi yule wa kwanza alikuwa nani?"

Nikaanza kuandika, nikafuta, nikaandika tena. Mashine ilikuwa inangoja kwa heshima, kwa kuwa nilikuwa nimeshagusa herufi na zamu ilikuwa yangu.

Kabla sijamaliza, la mwisho likaingia.

"Moto imewaka. Kama ulikuwa mashine, asante. Kama ulikuwa Angèle, usinifuate."

Nikafuta adabu zote. Nikaandika: Fabrice, ni miye, nimesikia yote, rudi. Nikabonyeza. Ujumbe ukabaki palepale, haukuondoka. Nikabonyeza tena na tena. Simu ya mkono wa kushoto nayo ikakata, na sauti ya mwanamke ikaniambia kwa Kifaransa kwamba mtu ninayempigia hapatikani.

Nikavaa viatu. Sébastien alinifuata mpaka uani, miwani mkononi.

"Maman, yeye mwenyewe amekataza umufuate. Na ukimukuta, utamuambia nini?"

Nilitoka na swali lile mpaka barabarani. Nilisimamisha moto ya kwanza iliyopita, nikamwambia mwenye moto: Mongbwalu.